Waliomba risasi, wakaletewa watu: kisa cha La Haye Sainte, 18 Juni 1815

Jioni ya tarehe 18 Juni 1815, ndani ya boma la shamba moja kusini mwa Brussels, Meja Georg Baring aliwahesabia askari wake risasi. Kila mmoja alikuwa amebakiwa na tatu, aliyebahatika zaidi nne. Paa la ghala lilikuwa limetoka kuwaka moto. Mlango mkubwa wa upande wa mashambani haukuwepo kabisa. Nje, Wafaransa walikuwa wakijipanga kwa shambulio jingine. Baring alikuwa ameshatuma watu kuomba risasi, tena si mara moja, na hakuna hata sanduku moja lililofika.

Ukisikia Waterloo, vita vya siku hiyo, unasikia majina mawili, Napoleon wa Ufaransa na Wellington wa Uingereza, pengine na Blücher, kamanda wa Waprussia waliokuwa upande wa Wellington, kama msimulizi ni mwadilifu. Lakini katikati kabisa ya uwanja ule palikuwa na watu wa Hanover, nchi ya Kijerumani, wasiofika 400, na kwa saa kadhaa mstari mzima wa Wellington uliwaegemea wao. Waliondoka pale kwa kuishiwa risasi, baada ya kuwarudisha Wafaransa nyuma kila walipokuja. Swali linalonisumbua kila ninaposoma habari zao ni moja: ilikuwaje wakaishiwa, na jeshi lao wenyewe lilikuwa mita 250 tu nyuma yao?

Kwanza tujue ni akina nani. Wengi huwaita Waingereza kwa sababu walilipwa na Uingereza na kupangwa katika jeshi lake. Walikuwa Wajerumani. Mwaka 1803 majeshi ya Ufaransa yaliingia Hanover, na jeshi la nchi hiyo likavunjwa kwa mkataba. Mtawala wa Hanover alikuwa George wa Tatu, ambaye ndiye huyohuyo mfalme wa Uingereza. Maofisa na askari waliokataa kukaa chini ya Wafaransa walitoroka kidogokidogo, wengi kwa njia ya bahari, wakafika Uingereza. Huko wakaundiwa jeshi lao, Legioni ya Kijerumani ya Mfalme, na kwa miaka mingi kambi yao ya nyumbani ikawa Bexhill, mji mdogo wa pwani. Walipigana Ureno na Hispania: Albuera mwaka 1811, Salamanca 1812, Vitoria 1813. Wapo waliokaa zaidi ya miaka kumi bila kuiona Hanover. Kwa hiyo waliokuwa ndani ya boma lile hawakuwa wanagenzi wa vita. Walikuwa watu waliopoteza nchi, wakaipigania wakiwa nchi za watu, na sasa vita vilivyorejea vikawakuta Ubelgiji.

Kikosi cha Baring kilikuwa Batalioni ya Pili Nyepesi, kombania sita. Hawakuvaa nyekundu ya Waingereza, walivaa kijani. Tena hawakubeba gobore la kawaida la askari wa miguu. Walibeba bunduki ya Baker, yenye mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu, inayolenga mbali na kwa usahihi kuliko gobore lolote la wakati ule. Risasi ya Baker ilikuwa na kipenyo kisichofika milimita 16. Mtutu wa gobore la Kiingereza ulikuwa milimita 19. Tafadhali zishike namba hizi mbili, maana kisa chote kinazizunguka.

Jina La Haye Sainte maana yake ni kama Ua Mtakatifu. Ni shamba lililo ukingoni mwa barabara kuu itokayo Charleroi kwenda Brussels, kwenye mteremko, mbele ya kilima alichojipanga Wellington. Nyumba ya kuishi, mazizi na ghala vimezunguka uwanja wa katikati, ukuta umeunganisha vyote. Upande wa kusini, ulikotazama jeshi la Napoleon, palikuwa na bustani ya miti ya matunda iliyozungushiwa ua wa miti. Upande wa kaskazini, kuelekea kwa wenzao, palikuwa na bustani ya mboga. Lango kubwa lilitazama barabara. Na ghala lilikuwa na mlango wake mpana uliofungukia mashambani, upande wa magharibi.

Usiku wa tarehe 17 mvua ilinyesha kama ya masika. Jeshi zima lililala kwenye tope, limelowa hadi mifupani, na mtu aliyelowa hutafuta kuni popote. Mlango wa ghala ukavunjwa, ukachomwa moto. Asubuhi Baring alipoanza kuimarisha mahali pake alikuta tundu la upana wa mkokoteni uliojaa nyasi, halina hata ubao wa kulizibia. Nyumbu aliyebeba majembe na mashoka ya kikosi alikuwa amepotea siku moja kabla. Kisha ikaja amri: askari mafundi wa batalioni wapelekwe Hougoumont, boma jingine upande wa kulia, wakasaidie kuliimarisha. Baring aliandika baadaye kwamba hakubaki hata na shoka moja. Asubuhi ile ikapita wakijaribu kuziba walichoweza, na wakipika nyama ya ndama waliyoikuta shambani.

Picha hiyo ya nyama ya ndama huwa inanigusa. Watu wanakula, wanasubiri, na sehemu ya kinga yao ni jivu.

Sitaisimulia vita nzima. Mchana, kati ya saa 7 na saa 8, majeshi ya D'Erlon, jenerali wa Kifaransa, yaliteremka na sehemu yake ikalizunguka boma. Baring alikuwa na kombania tatu bustanini kwenye miti ya matunda. Alikuwa juu ya farasi: risasi ya kwanza ilikata hatamu karibu na mkono wake, ya pili ikamuua Meja Bösewiel. Bustani ikapotea. Batalioni ya Lüneburg, vijana wa Hanover waliotumwa kuteremka kusaidia, ilikutwa uwandani na wapanda farasi wa Kifaransa wenye deraya vifuani, ikakatwakatwa. Ni wapanda farasi wa Kiingereza walioigeuza hali, na Wafaransa wakarudi nyuma. Hapo Baring akaongezewa kombania mbili za Batalioni ya Kwanza Nyepesi, ndugu zao wa kijani, wenye bunduki zilezile za Baker. Aliiacha bustani ya miti ya matunda, akajifungia ndani ya kuta.

Shambulio lililofuata lilielekea palepale palipokuwa na udhaifu, kwenye tundu la ghala. Wafaransa walijaribu kuingia, wakaangushwa mlangoni, wengine wakaja, nao wakaangushwa. Baring alihesabu maiti 17 zimerundikana pale, hadi waliokuwa nyuma wakazitumia kujikinga. Ndani ya boma alikuwemo Friedrich Lindau, kijana wa Hameln, amejeruhiwa kichwani, damu zinamtoka, amefunga kitambaa na anaendelea kupiga. Mfukoni alikuwa na kibeti cha dhahabu alichokichukua kwa ofisa wa Kifaransa. Meja wake akamwambia arudi nyuma akatibiwe. Akakataa. Alisema ni mtu asiye na haya tu ndiye angemwacha Baring wakati kichwa chake bado kiko shingoni.

Shambulio hilo liliporudishwa nyuma, Baring alikagua mifuko ya risasi na kuona kwamba zaidi ya nusu imekwenda. Kawaida askari alianza na risasi 60 hivi. Akamtuma ofisa juu kilimani kuomba nyingine. Jibu likawa ndiyo, zitaletwa.

Hazikuletwa.

Wakati huo wapanda farasi wa Ufaransa walianza kupanda kilima kwa maelfu, wakipita ubavuni mwa boma, na watu wa Baring wakawapiga kutoka pembeni. Ni kazi waliyopaswa kuifanya, lakini kila farasi aliyeanguka alikuwa ni risasi imepungua. Baring akamtuma ofisa mwingine. Safari hii jibu lilikuja kwa miguu: wakateremka askari wepesi wa Batalioni ya Tano ya Legioni. Hapo ndipo ilipo roho ya kisa hiki. Hao wapya walikuja na magobore. Wangeweza kupiga risasi zao wenyewe, lakini hawakuweza kumpa mwenye Baker hata moja, kwa sababu risasi ya gobore haiingii kwenye mtutu wa Baker.

Kisha ghala likashika moto. Kwenye uwanja wa boma palikuwa na bwawa dogo la maji, ila vyombo vya kuchotea vilikuwa vimevunjika vyote. Kwa bahati, katika kipindi hichohicho walikuwa wameletwa askari wapatao 200 wa Nassau, na hao walibeba migongoni sufuria kubwa za kupikia. Baring alimvua mmoja sufuria mgongoni, akaijaza maji mwenyewe, akakimbilia motoni. Maofisa wakamfuata, askari wakafuata, kila mmoja na sufuria, chini ya risasi. Moto ukazimwa. Wengi walikufa katika kazi ile ya kuchota maji. Nao watu wa Nassau walibeba magobore.

Tazama basi mlolongo huu. Mtu anaomba risasi, anapewa ahadi. Anaomba risasi, anapewa kombania. Hali inazidi kuwa mbaya, anapewa watu 200. Kwa aliye juu ya kilima, hiyo ni misaada miwili mfululizo, na moyoni huenda alijiona ameshamtendea haki Baring. Kwa aliye ndani ya boma, idadi ya bunduki imeongezeka lakini bunduki zake mwenyewe, zile zinazolenga mbali, zinanyamaza moja baada ya nyingine. Alituma ujumbe tena, kwamba bila risasi hawezi kukaa pale. Hakuna kilichoteremka.

Wellington alitoa maelezo yake mapema kabisa, katika ripoti ya vita aliyoiandika tarehe 19 Juni. Alisema askari wa Legioni waliolishika boma walimaliza risasi zao zote, na adui alikuwa ameishika njia pekee ya kuwafikia. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli tupu. Ya pili siikubali. Kombania mbili za Batalioni ya Kwanza zilifika. Askari wa Batalioni ya Tano walifika. Watu 200 wa Nassau, na sufuria zao kubwa migongoni, walifika. Maofisa waliotumwa na Baring walikwenda. Njia ya nyuma kupitia bustani ya mboga ilipitika kwa masaa, ingawa kwa hatari. Palipopita sufuria, sanduku la risasi lingepita.

Na mfano uko palepale uwanjani. Hougoumont, lile boma lililopewa mafundi wa Baring, lilitobolewa matundu ya kufyatulia risasi kabla ya vita. Lilipoanza kuishiwa, mkokoteni wa risasi uliendeshwa chini ya moto hadi ndani ya lango. Hougoumont haikuanguka siku ile.

Kwangu mimi jibu lina pande tatu zinazoshikana. Upande mmoja ni hiyo Baker. Risasi zake hazikuwa kwenye kila gari la jeshi. Zilihitaji kutafutwa mahali pake. Ofisa wa brigedi aliyezungukwa na magari ya risasi za gobore angeweza kujibu "ndiyo" kwa nia njema, kisha akagundua kwamba alichonacho hakifai. Upande wa pili unaniuma zaidi. Ng'ambo ya barabara, hatua chache kutoka lango la La Haye Sainte, palikuwa na shimo la mchanga, na ndani na nyuma yake walikuwepo Waingereza wa Kikosi cha 95. Nao walivaa kijani, na walibeba Baker. Risasi zilezile kabisa. Lakini barabara ile ilikuwa mpaka: magharibi yake divisheni ya Jenerali Alten, aliyokuwemo Baring, mashariki yake divisheni ya Jenerali Picton. Ombi la Baring lilipanda upande wa Alten na kubaki upande wa Alten. Kuvuka barabara hakukuwa katika mazoea ya mtu yeyote, na aliyepaswa kuyavunja mazoea hayo hakujitokeza.

Upande wa tatu ni Baring mwenyewe, nami nalisema hili nikimheshimu. Alilishika boma kuanzia jioni ya tarehe 17. Vita vilifika kwake baada ya saa 7 mchana wa siku iliyofuata. Ni usiku mzima na asubuhi nzima. Ombi la kwanza la risasi alilituma zilipopungua nusu, wakati njia imeshakuwa ya moto na kila gari kilimani lina wenyewe wanaolidai. Sanduku kumi zilizowekwa kwenye sebule ya ile nyumba saa 3 asubuhi zingebadilisha siku yake. Lakini aliyepaswa kuliona hilo kwanza alikuwa juu yake. Meja aliyenyang'anywa mafundi wake ili wakaimarishe boma la wengine alishaoneshwa mahali pake pana uzito gani machoni mwa wakubwa.

Shambulio la mwisho lilikuja jioni, karibu saa 12. Wafaransa walipanda kuta na paa la zizi, wakawa wanawapiga walio uwanjani kutoka juu, nao hawajibiwi. Mlangoni watu walipigana kwa singe na vitako vya bunduki. Baring akaamuru waondoke kupitia ndani ya nyumba, kwenye ujia mwembamba uliotokea bustani ya mboga. Ujia ule ndio uliokuwa mtego. Ofisa kijana aliyeitwa Frank, mkono umevunjwa kwa risasi, aliingia chumbani akajificha chini ya kitanda. Askari wawili majeruhi walikimbilia humohumo. Wafaransa wakawafuata, wakapaza sauti kwamba hakuna msamaha kwa hawa wa kijani, wakawaua mbele ya macho yake. Yeye hakuonekana. Alilala pale chini hadi boma liliporudi mikononi mwa wenzake.

Baring alifika kilimani. Kati ya watu wake wa asubuhi, waliosimama naye jioni ile walikuwa 42. Haina maana kwamba waliosalia wote walikufa: wengi walijeruhiwa, wengine walitekwa, wengine walitawanyika na kujiunga na vikosi vingine, na baadhi walirudi. Lakini 42 ndio aliokuwa nao, akajipanga nao pamoja na Batalioni ya Kwanza Nyepesi na kuendelea kupigana.

Gharama ya risasi zile ambazo hazikuteremka ililipwa mara moja na watu wengine. Christian von Ompteda, kanali wa brigedi yao, aliamriwa aipange Batalioni ya Tano kwa mstari na kuteremka kuwafukuza Wafaransa. Alieleza kwamba wapanda farasi wa adui wako karibu na mstari ule utasagwa. Mwana wa Mfalme wa Uholanzi, mwenye umri wa miaka 22, alisisitiza. Ompteda akamwomba ofisa mwenzake ajitahidi kuwaokoa wapwa wake wawili, wavulana waliokuwa kwenye batalioni, kisha akatangulia akiwa juu ya farasi hadi katikati ya Wafaransa bustanini. Aliuawa pale, na batalioni yake ikasagwa kama alivyosema. Wavulana wale walipona.

Wafaransa walileta mizinga karibu na boma wakaipigia katikati ya Wellington kutoka hatua chache. Kikosi cha 27, Waairishi waliosimama kwa mraba karibu na njia panda, kilipoteza watu zaidi ya 450 kati ya 750 hivi, waliouawa na kujeruhiwa, karibu bila kusogea. Kwa muda ule mstari ulikuwa na pengo la kweli. Marshal Ney, aliyeongoza mashambulio ya Wafaransa, aliomba askari zaidi ili aingie. Napoleon hakuwa nao wa kumpa: Waprussia walikuwa wameshaingia kijiji cha Plancenoit ubavuni mwake, na akiba yake ilikuwa imeelekezwa huko. Ilipofika zamu ya Walinzi wake, kikosi chake teule, kupanda kilima, Wellington alikuwa ameshaziba pengo, na Waprussia wengine walikuwa wanaingia kutoka kushoto. Saa zile ambazo watu wa Hanover waliwachelewesha Wafaransa mlangoni mwa ghala ndizo zilizoleta tofauti hiyo.

Legioni ilivunjwa mwaka 1816, kazi yake imekwisha. Hanover ilijenga nguzo ya kumbukumbu ya Waterloo kati ya 1825 na 1832, ina zaidi ya mita 46 na bado imesimama mjini. Boma lenyewe lipo hadi leo kando ya barabara ileile, na kwenye ukuta wake kuna kibao cha kuwakumbuka.

Usiku baada ya vita, Baring alilala chini, kwenye udongo, karibu na mti mkubwa kwenye njia panda ambapo Wellington alisimama sehemu kubwa ya siku. Kando yake alilala James Shaw, ofisa wa makao ya divisheni ya Alten, yaani mtu wa ofisi ambayo maombi yale yalipaswa kupitia. Wakazungumza. Shaw alikuja kuandika kwamba Baring alimweleza jinsi alivyotuma kuomba risasi zaidi ya mara moja na hazikuletwa. Hakuweza kueleza ni kwa nini. Shaw naye, miaka mingi baadaye, akiwa jenerali mzee, alikuwa bado hajapata maelezo.